Yule Tuliyesema Hayupo

Sifa wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako wa shule, na mimi nimekuambia nina gauni la mteja la kumalizia. Nimekudanganya. Cherehani nimeifunika. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, lile ulilolitupa likiwa na kurasa nyingi nyeupe, na jua bado liko juu ya mapaa ya Chatsworth, kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu, kabla hujarudi na kuanza kunichungulia begani.

Mambo ya blanketi, ya kutolala na simu mkononi ndani ya basi, ya dawa ya kifua, sitayaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, sharp, nimesikia." Haya, umesikia. Kuna jambo lingine ambalo kwa miaka kumi na minne sijalisema hata mara moja, na ukipanda basi la Cape Town kesho bila kulijua nitakuwa nimekukosea mara ya pili. Nitalisema hapa hapa mwanzoni. Najijua, nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka daftari liishe.

Baba yako hajafa.

Usitoke mbio kunitafuta. Soma kwanza mpaka mwisho. Barua nitaiweka juu ya begi lako, na mimi nitakuwa upande wa pili wa ukuta, kwa Anti Devi. Yeye anajua kila kitu. Amejua tangu siku ya kwanza, na ndiye mtu pekee katika uwanja huu ambaye hakunisaidia kudanganya.

Wewe umekulia ndani ya Mkutano na unauona kuwa kitu cha kawaida, kwa hiyo huwezi kujua ulivyokuwa mtamu ulipoanza. Mzee Zakaria alikuja hapa Durban kutoka Burundi akiwa na begi moja la plastiki. Ujanani alisimamishwa barabarani pamoja na ndugu yake, wakaulizwa ninyi ni kabila gani. Ndugu yake alisema kweli. Mzee akasema uongo, naye ndiye aliyebaki. Hadithi hiyo alitusimulia mara moja tu, na aliisimulia akitazama sakafu. Alipofika huku akatukuta sisi Wakongomani na Warundi tumebeba yale yale ya nyumbani. Dada mmoja hakubali kusukwa nywele na dada wa upande ule. Mwingine hanywi chai mpaka aliyeipika aionje kwanza, akisikia anatoka mlima fulani. Mzee akachukua kopo tupu la rangi, akatia ndani vikaratasi kumi na viwili, majina ya makabila ya Israeli, na kila nyumba ikaingiza mkono. Tangu siku hiyo ikawa mwiko kutaja kabila la nyumbani. Wewe ni Yuda, wewe ni Naftali, basi, hakuna swali lingine.

Mimi na baba yako tulitoa Dani. Nililia, Sifa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kabila ambalo halimuudhi mtu. Baba yako alicheka, akasema afadhali Dani, jina fupi, hata yeye hatakosea kuliandika.

Nikazishona bendera zote kumi na mbili. Ukumbi ule wa shule tuliokodi tuliupanga kama kambi ya jangwani: makabila matatu upande wa mashariki, matatu kusini, matatu magharibi, matatu kaskazini, na katikati meza yenye Maandiko. Hatukuwa na tarumbeta za fedha, kwa hiyo vijana walipaka vuvuzela mbili rangi ya fedha. Ikilia moja, wakuu wa makabila peke yao wanakwenda mbele. Zikilia mbili, ni mkutano wote. Watu mia nne wakisimama kwa pamoja, viti vya plastiki vikirudi nyuma mara moja, nilikuwa nasisimka mpaka kwenye mizizi ya nywele. Hapo nje mimi nilikuwa mkimbizi mwenye karatasi ya miezi sita. Humo ndani nilikuwa wa Dani, upande wa kaskazini, na nisipofika kuna mtu anaona nafasi yangu iko wazi.

Hilo la kuonekana nafasi yako likizidi linageuka. Mzee alikuwa akitusomea habari za makabila yaliyokusanyika Mispa kama mtu mmoja, kutoka Dani mpaka Beersheba, wakaapa kiapo kikubwa juu ya yeyote ambaye hakupanda kuja mkutanoni. Wakahesabu watu, wakakuta hakuna hata mmoja kutoka Yabesh-Gileadi. Akifika hapo anafunga Maandiko na kutazama viti vilivyo wazi. Humo ndimo sheria yetu ilimotoka. Mkutano Mkuu ni mara tatu kwa mwaka. Asiyefika mara tatu mfululizo, mkuu wa kabila lake anaulizwa mbele ya wote, mara tatu, kama yupo. Mkuu akisema hayupo, mkutano wote unarudia neno hilo, na tangu saa hiyo mtu yule ni marehemu. Hapigwi wala hatukanwi. Hasalimiwi, hatajwi jina, hatazamwi. Nyumbani kwake watu wanakaa matanga siku saba.

Unaijua sheria hiyo. Umeirudia na wewe ukiwa na soksi nyeupe. Usichojua ni kwamba kulikuwa na mlango mmoja mdogo. Mkuu wa kabila alikuwa na haki ya kusema, "Ninasimama mahali pake." Hapo analibeba jambo la yule mtu juu ya kichwa chake mwenyewe, na mkutano ukikataa, wanaondoka wote wawili. Mlango huo haukuwahi kufunguliwa. Wakuu wengine walikuwa wanaume wazima, tena wenye sauti nzito, na hakuna aliyethubutu.

Mimi nilifanywa mkuu wa Dani pale mkuu wetu alipopata safari ya Canada. Wanaume wa Dani walikuwa na kazi za zamu, na mimi tayari nilikuwa na bendera mikononi. Baba yako alifurahi kuliko mimi. Aliipiga pasi bendera usiku wa kuamkia siku yangu ya kwanza, akaichoma kidogo pembeni, akaja kuniamsha kuniomba radhi. Lakini kulikuwa na manung'uniko. Mwanamke mkuu wa kabila? Atawaficha wa kwake, walisema. Nikayasikia yote. Mkutano wangu wa kwanza likaja jina la kijana mmoja wa Dani, dereva, na mama yake akanishika miguu akiniomba nisimame mahali pake. Sikusimama. Nilisema hayupo kwa sauti safi, na watu wakaitikia kwa kichwa kwa heshima, na nikarudi kukaa moyo ukinidunda kwa raha. Nakuandikia neno raha kwa sababu ndilo lenyewe. Nikisema nilisikitika nitakuwa naanza uongo mwingine.

Sasa sikia. Baba yako alikuwa mlinzi bandarini, Jumapili kwa Jumapili. Mikutano Mikuu miwili ilimpita akiwa zamuni. Wa tatu aliuombea ruhusa mwezi mzima, akaipata, akanunua na shati. Alfajiri ya siku hiyo ukabanwa kifua. Ulikuwa na miaka mitano. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu, na mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila ukivuta pumzi. Baba yako akakufunga kwenye blanketi, akasimamisha taxi ya kwanza, na kabla hajaufunga mlango akaniambia niende mkutanoni, mkuu hawezi kukosa, yeye atakaa na wewe. Nikaenda. Nilikuacha ukipigania pumzi, nikaenda kubeba bendera.

Vuvuzela zikalia mbili. Mzee akaita jina la baba yako, akauliza kama yupo. Nilikuwa nimesimama upande wa kaskazini, bendera mkononi, na kila mtu alijua ni mume wangu. Akauliza mara ya pili. Yule mama wa dereva alikuwa kiti cha pili nyuma yangu. Nilimsikia ameacha kupumua, anangoja aone nitafanya nini kwa wa kwangu. Maneno niliyokuwa nayahitaji yalikuwa matatu. Nilikuwa nayo mdomoni. Mara ya tatu Mzee aliuliza polepole sana, na leo nadhani alikuwa ananipa nafasi, kwamba naye alikuwa anatamani mtu mmoja, mara moja tu, aufungue mlango ule.

Nikasema, "Hayupo."

Na mkutano ukasema hayupo. Watu mia nne, sauti moja, hata watoto. Wote pamoja walisikika kama mtu mmoja mkubwa sana aliyesimama nyuma yetu sote, na hata baada yake mimi nilikuwa nasikia kuwa mtu huyo hajaondoka.

Mlirudi kesho yake mchana. Ulikuwa umepona, unanyonya peremende, umepanda mabegani kwake. Matanga yalikuwa yamekwisha kuanza. Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa uwanja wote wa Anti Devi, akina mama wa makabila kumi na mawili wanamenya viazi. Baba yako alisimama getini akatazama watu wanaolia, akaniuliza kwa sauti, "Mama Sifa, nani amekufa?"

Hakuna aliyegeuka. Mama mmoja akaja akakutoa mabegani kwake taratibu, vile unavyochukua kitu kutoka juu ya kabati, akakuleta kwangu. Nikakupokea. Baba yako akauliza tena, akamshika mkono rafiki yake wa siku zote, na yule rafiki akaendelea kuongea na jirani yake, mkono wake umeshikwa hivyo hivyo. Hapo ndipo alipoelewa. Sifa, nilidhani atapiga kelele. Alivuta kiti akakaa, katikati ya waombolezaji wake mwenyewe, jua la saa nane. Chai ikapita. Aliye kushoto kwake akamiminiwa, aliye kulia akamiminiwa. Wali ukapita vilevile. Alikaa mpaka jioni mikono iko magotini, akiwasikiliza watu wanaeleza jinsi alivyokuwa mwema. Kisha akaondoka, na mtu mmoja akakisogeza kile kiti, akaweka miguu yake juu.

Wewe ukawa unasema, "Mama, Papa iko nje." Ulisema siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikuwa nakuchukua dirishani, nakugeuza uso nje, na unamwonyesha kwa kidole, kasimama ng'ambo ya barabara karibu na bomba la maji, na mimi nakuambia, hakuna mtu pale. Tazama vizuri. Hakuna mtu. Ulikuwa unanitazama mimi, unatazama nje, unanitazama mimi tena. Nilikuambia wafu wakitazamwa wanamchukua anayewatazama. Hilo halikuwemo katika sheria ya Mkutano. Nililitunga mwenyewe, jikoni, ili unyamaze.

Ukanyamaza.

Anti Devi alinijia wiki ya tatu. Yeye si wa Mkutano, ni Mhindi wa watu, ana miungu yake kwenye kabati na hana haja na makabila kumi na mawili. Akaniuliza, kana kwamba hamjui, yule mwanaume wa kwenye bomba la maji ni nani. Nikamwambia ni mume wangu, amekufa. Akasema, "Basi huyu marehemu wako anaweka sukari vijiko viwili." Alikuwa akimpa chai juu ya ukuta, asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda mjini kushona. Na vile viatu vyeusi vya shule vya kila Januari, nilivyokuambia vimetoka kwa Mkutano, vilitoka kwake. Anti Devi alikuwa anakupima mguu kwa uzi ukienda kutazama televisheni kwake, halafu anampa ule uzi.

Mimi nilikuwa najua. Nilivifungua, nikavipaka dawa, nikakuambia sema asante kwa Mzee Zakaria. Ukasema.

Nataka nikusimulie siku moja tu nyingine, maana nadhani unaikumbuka na huenda umejiambia ni ndoto. Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa mjini, mchana kabisa, tunangoja robot, taa ya barabarani, iwe kijani, na upande wa pili wa barabara alikuwepo baba yako. Alikuwa amekonda. Taa ikabadilika, watu wakavuka, na yeye akavuka akija kwetu. Akainama mbele yako, uso kwa uso, akasema jina lako. Wewe ulimpita kama unapita mlingoti. Hukukaza uso wala hukuharakisha. Macho yako yalipita juu ya uso wake vile yanavyopita juu ya ukuta, na mkono wako ndani ya mkono wangu ulikuwa mkavu, hautetemeki. Tulipofika ng'ambo ukanivuta gauni, ukaniambia, "Mama, sikumwona. Nimefanya vizuri?"

Nikakuambia umefanya vizuri sana, mwanangu. Nikakununulia ice cream.

Tangu siku ile niliogopa. Sikumwogopa baba yako, wala Mzee, nilikuogopa wewe. Nilikuogopa mtoto wa miaka tisa, kwa sababu kile ulichokifanya ni changu, nimekifuma mimi, na umekishona vizuri kuliko mwalimu wako.

Halafu ikanipata mimi mwenyewe. Mwanzoni kutomwona ilikuwa kazi, nilikuwa naumwa shingo. Mwaka wa sita au wa saba kazi ikaisha. Asubuhi moja Anti Devi akaniambia, mume wako yuko pale, mpungie mkono tu hata kidogo, Mkutano wako hauko hapa. Nikasema moyoni leo nitatazama. Nikatazama. Niliona bomba la maji, niliona ukuta, niliona paka wa jirani amekaa juu ya ukuta anatazama kitu kilicho chini yake, anakifuata kwa macho kikitembea. Mtu sikumwona. Nilifikicha macho, nikatazama tena kwa bidii, kwa nia yangu yote. Anti Devi akapunga mkono, akatabasamu, akaingia ndani. Mimi nikabaki natazama ukuta.

Siku zilizofuata nikajiambia ameacha kuja. Kumbe aliendelea mpaka ulipofika darasa la kumi, ndipo akapata kazi ya kuchomelea vyuma vya meli kule Bluff, akahamia huko. Miaka yote hiyo alikuwa anasimama pale, na mimi natoka na kapu langu nampita.

Katika miaka hiyo ndipo nikajisomea Maandiko mwenyewe, pale Mzee anapofungia. Habari haiishii kwenye kuhesabu. Baada ya kiapo, baada ya vita na ndugu zao wa Benyamini, wamebakiza wanaume mia sita wa kabila hilo wamejificha kwenye mwamba, wakuu wa makabila wanakwenda Betheli, wanakaa mpaka jioni, wanapaza sauti na kulia sana. Wanamwuliza Mungu, kwa nini jambo hili limetokea, hata leo kabila moja limepungua katika Israeli? Nilisoma mstari ule nikasimamisha cherehani. Wamekata kwa mikono yao, halafu wanauliza nani amekata! Na hawakutengua kiapo, Sifa. Walikwenda wakamwaga damu nyingine, wakaiba mabinti, wafanye lolote, ili mradi wasiseme tulikosea kuapa. Nilijiona pale Betheli, mkuu wa Dani, nalia na bendera yangu.

Sikuambii hivi ili uuchukie Mkutano. Watu hao hao walileta sufuria mimi nilipougua, na watoto ambao babu zao wangekatana wamekula sahani moja. Mzee sasa hana nguvu, anasahau majina, na nampenda bado. Ninachojua ni kidogo: siku ile nilijua ukweli ulipo, ulikuwa hospitalini na kinyago cha hewa usoni, na nikautoa sadaka kwa sababu nilitaka watu waone kuwa mimi ni wa haki. Yule mama wa dereva hakuona haki yoyote. Mwaka uliofuata akahama Durban.

Kilichoniamsha ni fomu yako ya chuo. Umeandika kwa mwandiko wako mzuri, baba: marehemu. Chuo wakajibu wanataka cheti cha kifo. Uliniletea ile barua ukasema, Mama, kitafute tu kabatini. Niliinama kwenye kabati kwa nusu saa, najifanya natafuta. Cheti hakipo, kwa sababu ni Mkutano tu uliomwua, na Mkutano hautoi vyeti. Hapo nilikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kuapa mbele ya polisi kwamba amekufa. Niliiandika hiyo karatasi, Sifa. Niliiandika mpaka pa kutia sahihi.

Jumanne nikaenda Bluff badala yake. Anti Devi alinipa anwani. Nilifika saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wametoka, wamekaa kwenye ukuta mfupi mstari mmoja na vyakula vyao. Nikapita mbele yao nikitafuta uso. Nikarudi. Nikapita mara ya tatu. Niliona wanaume kumi na mmoja, naapa nilihesabu, na kati ya wa tano na wa sita kulikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo kulikuwa na kibakuli cha chakula kimefunguliwa na kijiko kinakwenda juu na kurudi chini. Nilisimama pale natazama kijiko. Kisha sauti ikasema, "Vumi. Niko hapa."

Vumi ni jina langu la usichana, hakuna mwingine anayelijua katika mji huu. Nilianza kwa mkono, kisha nikaona kovu la moto la mkononi, shingo, na mwisho uso, polepole, sehemu kwa sehemu. Amezeeka. Nywele zimekuwa nyeupe juu ya masikio. Nilipiga magoti pale pale kwenye saruji mbele ya wale wanaume, nikamwambia nilichosema siku ile na nilichonyamaza. Alisema anajua. Alijua siku ile ile. Fomu akaitia sahihi bila kuuliza inahusu nini, alipoona jina lako juu yake. Nikamwambia unakwenda kusomea uuguzi. Akageuka akatazama meli kwa muda.

Nikamwomba aje kesho kwenye basi, saa kumi na mbili asubuhi. Watu wa Dani watakuwa pale pia, unajua desturi yetu, na bendera na vuvuzela moja na mikate ya safari. Nitamsalimia mimi wa kwanza, mbele yao wote, kwa jina lake na kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile. Mtu akimsalimia marehemu na yeye amekwenda naye. Mkutano Mkuu ni Jumapili hii, wataliita jina langu, na mkuu mpya wa Dani ni kijana wa haki sana. Na wewe ukimsalimia, yatakukuta hayo hayo. Rafiki zako unaowaaga jioni hii, wengi wao, hawatapokea simu zako tena. Sitakuficha hilo ili upande basi ukiwa na moyo mwepesi. Ukimpita, nitaelewa ulijifunza kwa nani, na sitakulaumu hata kwa jicho.

Nilianza kukuandikia hapa atavaa nguo gani, nikafuta. Nguo zinapotea pamoja na aliyezivaa, kule Bluff niliona kijiko tu. Mtafute uso. Usipouona mara moja usikate tamaa, anza na mkono, ana kovu la moto mkono wa kulia. Anaitwa Kashindi.

Nilipokuwa naondoka Bluff alinifuata mpaka kituo cha taxi, akaniuliza swali moja tu. Aliuliza, "Ataniona?" Nimeapa mara nyingi mbele ya watu mia nne, nikiwa na hakika kabisa, na nilikuwa nakosea. Safari hii sikuwa na hakika ya chochote. Nilimwambia ndiyo.

Mama yako, ambaye mpaka Jumapili bado yupo.